Bia ya Embe kwa Wifi Apolinaria

Nilijifunza kupika bia ya ngano kwa sababu ya chuki. Wengine hujifunza kwa kupenda, wengine kwa kutafuta riziki. Mimi nilitaka wifi yangu Apolinaria anywe kitu kilichotoka mikononi mwangu, akinywe mbele ya ukoo mzima, akisifie, halafu nimwambie kimetoka wapi. Hicho tu. Radhi yake sikuihitaji, wala nisingejua pa kuiweka.

Naitwa Minza. Nakaa Kanyenye, mjini Tabora, nyuma ya maduka ya vitambaa, katika nyumba niliyojenga na marehemu mume wangu Ngassa. Ngassa alikufa mwaka juzi. Tumbo lilimvimba, tukamlaza hospitali ya Kitete, na wakati madaktari wakimwandaa kwa upasuaji nikapata habari kwamba mama yangu amefariki huko Igunga. Nikaenda kuzika. Nilimwacha mume wangu mikononi mwa dada yake, Apolinaria, nikashukuru kwamba ana dada. Niliporudi siku ya tatu nilikuta turubai limefungwa uani kwangu na watu wanapanga viti.

Siku ya kumaliza matanga, kijijini kwao njia ya Nzega, nilipika pombe ya mtama kama mjane anavyotakiwa. Kwetu pombe hainywewi hivihivi. Aliyepika anatangulia kuonja mbele ya watu, anameza, watu wanamtazama kidogo, ndipo kata inazunguka. Nilikuwa nimeinua kata, haijagusa mdomo, Apolinaria akaipiga kwa kiganja ikaruka. Kisha akausukuma mtungi kwa mguu, pombe yote ikamwagika miguuni pa wazee.

"Huyu ndiye aliyemmaliza kaka yangu kwa vyakula vyake," alisema. "Leo mnataka awamalize na nyie?"

Baba mkubwa Marko, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na ambaye nilimpikia ugali miaka ishirini na minane kila alipokuja mjini, alianza kuikagua fimbo yake kana kwamba ameiona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nilirudi Tabora na gauni linanuka mtama.

Tangu hapo nikawa mtu ambaye chakula chake hakiliwi. Usione ni jambo dogo. Wanajumuiya waliacha kunipangia zamu ya chai. Mwanangu Nestory alikuja kunisalimia kila Jumapili na mkewe Advera, na Advera alibeba chakula cha mjukuu wangu kwenye kibakuli chenye mfuniko, eti mtoto ana tumbo jepesi. Mtoto wa miaka minne, ananusa maharage yangu jikoni, anavutwa mkono arudi sebuleni. Nestory anatazama simu. Na huku kwetu mwanamke aliyepewa sifa ile ya uchawi, akizeeka, macho yakawa mekundu kwa moshi wa kuni, kuna siku watu wanamjia na mapanga. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na mitatu na nilikuwa napikia kuni. Nilijua ninachongoja.

Aliyeendelea kula kwangu ni mmoja tu, Mzee Silasi, jirani yangu, mgane, aliyefiwa kama mimi. Alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha bia huko Mwanza mpaka akastaafu, na alikuwa na kiburi cha watu wa viwandani. "Nimeonja vitu vibaya zaidi ya mboga zako," alikuwa akisema, na kuongeza ugali. Oktoba mwaka jana alikuja na chupa ya bia aliyopika mwenyewe jikoni kwake kwa kujifurahisha. Akaimimina. Ilikuwa na ukungu, na povu jeupe lililokataa kushuka.

"Mbona kama maji ya kuoshea mchele?" nikamwuliza.

"Ngano hiyo, mama. Ndivyo ilivyo. Na humo kuna pera. Kunywa kwanza, maneno baadaye."

Nikanywa. Ilikuwa laini, na pera lilikuja nyuma polepole. Lakini sikuwa nawaza utamu. Nilikuwa natazama kizibo cha bati mezani. Pombe ya mtungi huulizwa nani kaipika. Bia yenye kizibo haiulizwi na mtu. Mtu anaifungua kwa meno, anainywa, anaagiza nyingine. Apolinaria angeifungua vilevile.

"Nifundishe," nikasema.

"Ya biashara?"

"Ya sherehe."

Silasi hakuuliza sherehe ya nani. Alikuwepo nilipotoka Nzega na gauni lile.

Kwenye kimea sikuhitaji mwalimu. Kuloweka nafaka siku nzima, kuifunika kwa gunia bichi mpaka iote, kuianika na kuisugua vijimizizi vitoke, hayo nimeyafanya tangu sijavunja ungo. Ngano ni nafaka kama nafaka nyingine. Basi nikajiona fundi, na hapo ndipo nilipoharibu. Mama yangu hakuwahi kusugua mtungi wake wa pombe. Alisema mtungi uliooshwa unasahau kazi, na kweli, pombe yake ilichemka yenyewe bila hamira. Nami nikachukua ndoo niliyopikia pombe ya mtama, nikaisuuza kwa maji kidogo, nikatia bia yangu ya kwanza ya ngano. Kabla ya hapo tayari nilikuwa nimehangaika kuichuja. Ngano haina maganda, ukiitia maji moto inakuwa gundi, na nilikuwa nimekazana na kitambaa mpaka mabega yakaniuma. Baada ya wiki nilifungua ndoo, harufu ya siki ikanitoa machozi.

Silasi alionja kwa ncha ya ulimi, akatema nje ya dirisha.

"Hii utaitia kwenye kachumbari."

Akanikalisha kitako kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndoo isuguliwe, ioshwe kwa maji yaliyochemka, kila kitu kitakachogusa bia baada ya kutoka jikoni kiwe safi kuliko vyombo vya altareni. Kwenye kuchuja, changanya kimea na pumba za mpunga, maji yatapata njia. Pumba za mpunga! Tabora nzima tunazichoma moto. Kipimajoto akaniazima chake: digrii sitini na tano, saa nzima, usibahatishe kwa kidole. Hamira ya bia na yale maua makavu machungu, hopsi, aliagiza kwa rafiki zake wa Mwanza, vikaja na basi ndani ya bahasha.

Mara ya pili ilikuwa Novemba, na maembe yalikuwa yameanza kudondoka. Sikuchukua dodo za sokoni. Nilikwenda Kwihara kwenye ile miembe mirefu ya njia ya zamani ya msafara, nikaokota yale madogo yenye nyuzi, ambayo watu wa mjini wanayadharau kwa sababu yanaingia kwenye meno. Yana sukari ya kutisha. Niliyamenya, nikayapondaponda, nikayapasha moto, nikayatia kwenye bia baada ya povu la kwanza kutulia. Ndoo ikaamka upya, ikaanza kunguruma. Siku ya pili yake nikajaza chupa.

Nani angenizuia? Kwetu pombe inayochemka ndiyo pombe. Ikitulia imekufa, unawapa nguruwe. Nilifunga vizibo hamsini nikiimba. Jumapili iliyofuata, Nestory na Advera wakiwa sebuleni, chupa ya kwanza ikapasuka stoo. Kisha ya pili. Kisha zikaitikiana zote, vioo vinapiga bati, embe linatiririka chini ya mlango. Advera alimkumbatia mtoto, akakimbilia barabarani, na jioni yake mtaa mzima ulikuwa unasema Minza ana vitu vinavyolia ndani ya stoo. Apolinaria alizipata habari hizo kabla hata sijamaliza kufagia vioo. Niliambiwa alicheka.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia kwa hasira. Silasi alikuja na ufagio wake mwenyewe.

"Kosa lako moja tu," alisema. "Una haraka. Hii siyo ya kunywa inachemka. Ingoje mpaka inyamaze kabisa, uihesabie siku tatu za ukimya, ndipo uifunge. Unaweza kungoja?"

Nikafikiri juu ya yule mwanamke akicheka. "Naweza kungoja mpaka Kwaresima," nikamwambia.

Mwishoni mwa Novemba nikapika mara ya tatu, nikangoja. Kila asubuhi nilitega sikio kwenye kimrija kilichotoka kwenye mfuniko na kuzama kwenye chupa ya maji. Kilitoa kiputo, kikapumzika, kikatoa kingine. Siku kilipokoma nilihesabu tatu, nikaongeza mbili kwa ubishi. Chupa nilizichemsha. Nikatia sukari kidogo kama Silasi alivyopima, nikafunga, nikaziacha gizani wiki mbili. Siku ya kufungua nilishika chupa ya kwanza mbali na uso. Ilipumua kidogo tu. Rangi ilikuwa ya embe lililoiva upande mmoja, povu likasimama, na ladha, sijisifu, Silasi alifumba macho.

Chupa hizo za kwanza nilimpa Agnetha, mwenye ukumbi mdogo wa vinywaji na kazi ya kupika kwenye sherehe za watu. Agnetha ana ugomvi wake na Apolinaria ambao sikumwuliza, maana ningekawia. Alibandika karatasi nyeupe yenye picha ya embe, akawa anawapa wateja wake wakati wa Krismasi. Baada ya wiki mji ulikuwa unaulizia. Na Apolinaria hajawahi kukubali kupitwa na kitu. Alikuwa anaandaa jubilei ya miaka thelathini na mitano ya ndoa yake, mwanzoni mwa Februari, nyumbani kwake Ipuli. Akamfuata Agnetha mwenyewe: "Nataka ile bia ya embe. Kreti nne. Na meza kuu wasiwekewe nyingine."

Agnetha alinipigia simu akicheka mpaka akakohoa.

Sasa niseme ukweli wote, maana hadithi hii siyo ya kunipendezesha. Nilipokuwa napika zile kreti nne, kulikuwa na mizizi fulani ndani ya kopo juu ya rafu. Jina lake silitaji. Kipande kidogo kinamkalisha mtu chooni siku mbili. Niliishusha mara mbili. Nilimwona Apolinaria katika kitenge chake cha jubilei akikimbilia nyuma ya nyumba huku wageni wanatazama, na picha hiyo ilinipa raha hata sikuisahau kanisani. Niliirudisha rafuni, na haikuwa kwa wema. Mgeni mmoja tu angeshika tumbo, Apolinaria angekuwa amesema kweli siku ile Nzega, na mimi ningezikwa na jina hilo. Kisasi changu kilihitaji bia isiyo na doa. Nikasugua zile ndoo mpaka kucha zikalainika.

Siku ya jubilei niliingia kwa mlango wa jikoni, nimevaa aproni ya wapishi wa Agnetha na kitambaa kichwani. Hakuna anayemtazama mpishi. Saa tisa alasiri wageni walikuwa wameshiba, muziki unapiga, na ukoo wote wa Ngassa umekaa chini ya maturubai: Nestory na Advera upande mmoja, Baba mkubwa Marko meza kuu. Nilisimama nyuma ya pazia la jikoni nikamhesabia Apolinaria bilauri. Ya kwanza alinusa, akanywa taratibu. Ya pili alimpokonya mhudumu chupa. Ya tatu akaomba kipaza sauti.

"Jamani," alisema, na povu liko juu ya mdomo wake, "mimi bia nimeanza kunywa zamani, sitawaficha na padre yupo. Lakini hii ya leo sijawahi kuionja. Agnetha! Huyo fundi wako niletee hapa, nimshike mkono mbele ya watu."

Watu wakapiga makofi. Agnetha akageuka kunitazama. Nikafuta mikono, nikachukua chupa moja na bilauri, nikavuka uwanja. Kitambaa nilikivua njiani.

"Shikamoo, wifi," nikasema.

Mwenye muziki alizima mwenyewe bila kuambiwa.

"Umeniita nije unishike mkono. Ngano hii nimeiloweka mimi. Maembe nimemenya mimi. Wageni wote hapa wamekunywa mkononi mwangu, na wewe umekunywa mara tatu." Nikafungua chupa, nikajimiminia polepole mpaka povu likafika ukingoni. Nikamgeukia Baba mkubwa Marko. "Baba, aliyepika huonja kwanza. Nimechelewa tu kidogo, nisamehe."

Mpango wangu ulikuwa kunywa, kuweka bilauri mezani, na kuondoka. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi. Nikaiinua bilauri, nikamtazama Apolinaria ili anione nikimeza, na nilichokiona usoni mwake kikanisimamisha mkono. Nilitegemea aibu. Nilitegemea hasira. Mwanamke yule alikuwa anaogopa kufa. Macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye bilauri.

"Onja," alisema. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, kila mtu akasikia.

Sikuonja.

"Onja, Minza!"

Nikaiweka bilauri kifuani. Sikujua ninangoja nini, ila miezi minne na zile ndoo ilikuwa imenifundisha kungoja. Nyuma yangu nikasikia viti vinasogea. Mwanamume mmoja alikimbilia kwenye ua akajitia vidole kooni. Advera akalia, "Mama, kunywa basi!"

"Umeniua," alisema Apolinaria. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya poda. "Umeniua kwa ajili ya Ngassa. Nani kakwambia? Yule mganga ndiye kakwambia?"

Wallahi, mimi Mkristo naapa hivyo, sikuwa najua lolote. Lakini sauti yangu ilitoka tulivu. "Sema mwenyewe, wifi."

Akasema. Alikaa chini na akasema yote kwenye kipaza sauti kama anayeungama. Kwamba manesi walimwambia mgonjwa asile wala asinywe kitu mpaka apasuliwe. Kwamba yeye aliogopa kisu. Kwamba alimfuata mganga wa huko vijijini, akaleta dawa ndani ya chupa ya chai, akamnywesha kaka yake kikombe kizima wakati manesi wamegeuka. "Nilitaka apone, jamani. Alininyooshea mkono akaniambia asante, dada. Akalala. Hakuamka tena." Kisha akanishika pindo la aproni. "Nipe dawa ya kuitoa hii sumu, Minza. Nina wajukuu."

Mume wake aliweka sahani chini, akasimama, akaingia ndani ya nyumba bila kumtazama.

Hapo ndipo nilipokunywa. Niliinywa bilauri yote, sikupumzika, nikaigeuza juu chini watu waone. Ilikuwa baridi. Sijawahi kupika nyingine nzuri vile.

Apolinaria alinitazama kooni, akangoja nianguke. Sikuanguka. Polepole akaelewa.

"Haina kitu?" aliuliza.

"Ina embe, wifi."

Halafu Baba mkubwa Marko akasukuma bilauri yake tupu mbele ya meza, kuelekea kwangu. "Nimiminie, mwanangu," alisema. Nikammiminia. Akanywa akiwa amesimama. Baada yake akaja mwingine, na mwingine, mpaka Nestory, mwanangu, ambaye hakuweza kunitazama usoni. Nilimmiminia naye, nusu bilauri.

Nilifurahi? Nilifurahi sana, nisiwadanganye. Nilitembea kutoka Ipuli kurudi Kanyenye kichwa juu. Lakini nilipofunga mlango wangu, ile furaha ikaisha kama imekatwa kwa kisu. Nilikuwa nimekwenda kuchukua jina langu, nikarudi na kifo cha mume wangu upya, safari hii kikiwa na kikombe na asante, dada. Nilimlilia Ngassa kuliko siku ya kwanza.

Jumapili ya pili wazee walikuja wanne, Marko akiwatangulia. Walisema Apolinaria yuko nje ya geti, amekuja kuomba tupatane. Walisema alimpa kaka yake dawa ile kwa mapenzi, na mimi nikasema naamini, maana nilimjua alivyompenda. Dawa peke yake ningemsamehe siku hiyohiyo. Nami ningeweza kuogopa kisu. Lakini siku ile Nzega, alipopiga kata yangu mkononi, alijua. Alinitazama machoni akijua, na miaka miwili akaniacha nibebe mzigo wake, mjukuu wangu akinyimwa maharage, watu wakihesabu wekundu wa macho yangu.

"Sasa tumwambie nini?" akauliza Marko.

Nikawaambia wakae, chai imeiva. Walikunywa vikombe viwili viwili, na maandazi hawakubakiza. Yeye kule nje nilimwona dirishani amesimama juani, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na sikumpelekea kikombe.